Jina la Baba kwenye Kadi

Alhamisi, Morogoro

Bado naona haya. Leo mama mmoja ameteremka kutoka Uluguruni, kuja maktaba kusikiliza kanda ya marehemu mama yake. Niliirekodi mwenyewe, kabla watu hawajahamia kijiji cha ujamaa.

"Baba yake aliitwa nani?" nikamuuliza. Kadi zetu tunazipanga kwa jina la baba, kama fomu ya Dar inavyotaka.

"Babu? Alikufa zamani, jina sina. Sisi ukoo wetu kwa mama, mwanangu. Hukuandika ukoo?"

Sikuandika. Tukasikiliza kanda moja moja mpaka saa tisa, ndipo akasema, "Huyo!"

Kwenye kanda, marehemu anaanza kwa kutaja ukoo wake, halafu jina. Kisha inasikika sauti yangu, inamkatiza: "Jina la baba?"