Machela ya Hamisi

Kaka Issa,

Tangu uondoke Temeke bila kuaga sijalifungua banda lako la ufundi. Jana helikopta ya jeshi la Waingereza ilipita juu ya nyumba, mama akatoka uani kuitazama. Ndiyo maana nakuandikia.

Ulirudi kutoka vita vya Burma bila Hamisi, mdogo wako na kaka yangu. Alijeruhiwa porini, wabebaji wa machela wakashindwa kumfikia. Huko huko uliona helikopta ikiwachukua majeruhi wa Kizungu, na uliporudi ukamwahidi mama utaunda ya askari wa kwetu. Mama alikataa kuweka matanga. "Matanga ya nani? Mmeniletea nani?" Akawa analala mlango bila komeo, Hamisi asije akakuta pamefungwa.

Mapangaboi ya helikopta yako uliyachonga kwa mti wa mninga, kwa tezo ya baba. Injini uliitoa kwenye lori bovu. Ubavuni ukafunga machela ya mianzi na turubai, kimo cha Hamisi. Jirani yetu Mzee Pazi akachungulia uani.

"Fundi, hicho kinu au kitanda?"

"Kitanda, mzee. Ukiugua utakiomba."

Siku ya kuijaribu hapakuwa na upepo. Asubuhi niliinyanyua machela kwa mkono mmoja. Ulipowasha, helikopta ilipanda mpaka kamba ulizoifunga chini zikakaza, kisha ikalalia upande wa machela. Ukaishusha, ukafunga gunia la mchanga upande wa pili, ukapanda tena. Ikatulia sawasawa kama mizani.

Mzee Pazi aliacha kucheka. Mama akaja na shuka nyeupe, akaifunika machela.

"Mshusheni taratibu," alisema. "Amechoka."

Ukaifungua machela kutoka ubavuni. Tuliibeba hadi makaburini tukipokezana mabega, kama abebwavyo maiti yeyote. Mzee Pazi alipopokea, magoti yalimkunjika. Nikapokea baada yake. Mimi ni mwandishi wa habari, siandiki nisichokiona: turubai lilikuwa tupu. Bega liliniuma siku kadhaa.

Magharibi ile, baada ya maziko, mama alitia komeo, mara ya kwanza tangu vita. Kesho yake wewe hukuwepo.

Kaka, helikopta ya jana ilipita imeinama upande mmoja. Huenda ilikuwa inakata kona. Lakini jana mama hakutia komeo, nami sikumwuliza anamngoja nani.

Rudi. Rudi kwa miguu yako mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, niliyebaki na mama.