Jezi Namba Tisa na Karatasi ya Pili

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako, na naomba unijibu upesi maana mechi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ni fundi wa matairi, umri miaka hamsini na minane, na wateja wananiita Mzee Funguo, kwa sababu mtu akija na tairi lililotoa uvimbe ubavuni huwa namnyang'anya ufunguo wa gari mpaka akubali libadilishwe, hata awe mkubwa wa ofisi gani, heri aninunie kuliko nisikie habari zake barabarani. Sasa mwezi uliopita mimi na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, tulikwenda siku moja kupigwa picha za moyo, maana sote tulikuwa tukibanwa kifua tukipanda ngazi, na majibu ya kwanza yakatoka kwamba mshipa wake umeziba asilimia sitini, wangu thelathini tu. Mshauri, nilifurahi kama mtoto. Nikambandika jina la Mzee Sitini, nikamwimbia mezani mbele ya watoto wake, na kwa kuwa sote tuko timu ya maveterani na yeye ndiye mshambuliaji wetu miaka yote, nikasimama kwenye kikao nikasema jezi namba tisa avae mwenye moyo, nikapewa. Yeye alicheka tu, akasema, "Umenishinda shemeji, tena kwa hesabu," lakini tangu siku hiyo hajakanyaga uwanjani.

Kumbe karatasi zilikuwa mbili. Ya pili kompyuta ilikuwa imezipima upya picha zile zile, haikuangalia upana wa njia peke yake bali na kile kilichoganda ukutani, ni kiasi gani, ni kigumu au laini. Shemeji alitusomea yake bila kuficha, uchafu wake mwingi umekauka kama saruji. Mimi daktari aliniita, akanionyesha doa jekundu kwenye kioo cha kompyuta, akasema, "Baba, hapa ni mafuta laini yenye ngozi nyembamba juu. Ngozi hii ikichanika, damu inaganda hapo hapo." Akanipa dawa, akasema hakuna kukimbia mpaka anione tena Jumanne. Nikaitikia ndiyo daktari, ndiyo daktari, nikaenda kuficha karatasi na dawa kwenye sanduku la spana, na hadi leo sijameza hata kidonge kimoja, maana mke wangu akiviona ataniuliza, na nikimjibu kaka yake atajua, na mimi ndiye niliyeimba. Hivi ninavyoandika mke wangu yuko cherehani, anaiongeza upana ile jezi tumboni. Niseme nini, Mshauri, bila kuchekwa?

Mshauri anajibu:

Mzee Funguo, pole sana. Nimecheka mpaka nikafika kwenye sanduku la spana, hapo kicheko kikakatika.

Ulidhani ni mtihani, mwenye alama ndogo ndiye bingwa. Zile thelathini zilikuambia njia imebana kiasi gani, hazikukuambia ukuta unataka kufanya nini. Usimwonee huruma wala wivu shemeji yako. Sitini zake nazo zina daktari wake, na yeye anamsikiliza. Wewe wako umemfungia pamoja na nati. Mkuki ulikuwa mtamu ulipokuwa kwa Mzee Sitini, sasa umekugeukia wewe, unaogopa kuchekwa! Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho, bwana wangu, hutakuwepo kukisikia. Atakisikia huyo anayeshona.

Mimi si daktari, kwa hiyo nakurudisha kwake. Usingoje Jumanne. Mpigie leo, mwambie dawa hujaanza, ufanye atakavyokuagiza. Kifua kikikubana umekaa tu, hospitali moja kwa moja, hata kama una gari juu ya jeki. Kisha chukua karatasi ya pili uiweke juu ya cherehani. Hotuba ya nini? Atasoma mwenyewe. Atafoka, na una haki ya kufokewa, ila mtu anayekupanulia jezi tumboni bila kukusema hawezi kukucheka kwa hili.

Kwa shemeji nenda kwa miguu yako, polepole, umwombe radhi mbele ya watoto wale wale. Jezi usimrudishie aivae mpaka naye daktari wake amruhusu. Namba tisa apewe mwenye mapafu, ninyi wawili mkae benchi mkamzomee refa. Akikuita Mzee Thelathini, itika.

Na ukiona haya kuanza, fanya kazi unayoijua. Gereji kwako limeingia gari, kashata za tairi zinazokanyaga lami bado nzuri, ubavuni kuna uvimbe, na dereva anakuambia ana haraka, ana mechi Jumamosi. Mnyang'anye ufunguo.