Jagi la Shaba Ulilomtumia Mama

Chumba cha nyuma, nyumbani kwenu
Jumapili mchana, mtoto akiwa amelala

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko kwenye baridi? Na tumbo lako je, limetulia? Kwenye simu ulisema linakusokota asubuhi, ukasingizia vyakula vya harakaharaka. Sisi tunapumua, tunashukuru. Kaka yako mzima, anakoroma kama kawaida. Mimi ni uchovu tu: kutwa nashona kola za mashati, kisha narudi kwa mtoto anayeona usingizi ni adhabu.

Lile jagi la shaba nyekundu lilifika salama. Mama alilifuta kwa upindo wa gauni lake, akaliweka kabatini karibu na picha yako, na kila mgeni lazima alishike. Tangu ulipomwambia kwamba maji yakilala humo wadudu wa tumbo wanakufa, ya bomba hayataki tena. Ni jagi, jagi, jagi.

Sasa wifi, unanijua. Kaka yako husema mimi hata nikipewa zawadi nageuza nione chini kuna nini. Siku moja sufuria zote zilikuwa chafu, nikagandishia maziwa ndani ya lile jagi, kwa mtindi uleule wa siku zote. Kulipokucha yalikuwa majimaji vilevile. Nikaonja, ulimi ukawa kama nimelamba sarafu. Mama akacheka: "Maziwa ya siku hizi, hata kuganda hayajui!" Mimi sikucheka. Nilijiuliza humo ndani kuna nini kinachoyazuia.

Haukupita muda mwanangu Bonge akaanza kutapika. Narudi kutoka kazini, namkuta amelegea. Jina amebaki nalo, ubonge umekwenda. "Meno hayo," Mama akasema. Meno gani yanayonukia ndimu? Kitambaa chake cha shingoni kilikuwa kinanukia ndimu. Nikiuliza mtoto kapewa nini, najibiwa "Amekula vizuri," kisha Mama anaanza kukunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Dalili ya mvua ni mawingu. Nilianza kumvizia mama yako, wifi, nakuambia kweli tupu.

Nikampeleka mtoto kliniki. Mtu wa maabara pale ni yule tuliyekuwa tukimwita Miwani shuleni. Alipima, hakuona mdudu. Nikamsimulia habari ya maziwa, naye akachangamka.

"Mama Bonge, jagi lenu linaua kweli," akasema. "Wanaogandisha maziwa nao ni bakteria. Umewatia kaburini mwenyewe."

Akanieleza hivi, nami nakueleza nilivyoelewa. Ndani ya mdudu, hewa ya oksijeni huacha cheche, lakini ana wazimamoto wake wa kuzizima. Shaba ikiingia inafanya mambo mawili: inaongeza cheche, na inawashika mikono wale wazimamoto. Basi mdudu anaungua kwa ndani, moshi hauonekani. Madini mengine mazito nayo huua kwa njia hiyo. Jambo hilo lina jina lake refu, msongo wa oksijeni, lakini mimi nililoshika ni moja: anaungua kwa hewa ileile.

"Na mtu?" nikauliza. "Maana mwanangu naye anavuta hewa."

"Mtu ana ini la kuitoa shaba iliyozidi. Maji matupu si neno. Ila kikilala humo kitu kichachu, kinaitafuna shaba, na wewe unainywa. Huyu mdogo, ini lake bado linajifunza kazi."

Nilirudi moja kwa moja hadi kabatini. Jagi kwa nje limefifia, rangi ya chai. Kwa ndani linang'aa kuliko siku lilipofika, na chini limelala ganda la ndimu. Nikajua shaba iliyotafunwa ilikokuwa inakwenda: tumboni mwa mwanangu.

"Ni kijiko tu," Mama akasema. "Na sukari kidogo. Mwanangu hawezi kuniletea sumu!"

Nilimjibu kwa adabu lakini bila kupepesa macho: Bonge halambi tena kitu cha humo. Kaka yako alikaa katikati yetu kama mto wa kochi.

Mtoto amepona. Anatambaa, anang'ata miguu ya viti. Ungedhani nami nimetulia. Lakini kila asubuhi nasikia bomba la bafuni linafunguliwa, maji yanamwagika, na hakuna anayeoga. Nikasogeza sikio. Nyuma ya mlio wa maji, mtu anatapika. Akatoka Mama, anajifuta mdomo.

"Mama, na wewe unaota meno?"

Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Kisha akanishika mkono: "Usimwambie wifi yako. Ni zawadi yake." Bado anakunywa ndimu yake humo. Nikizificha ndimu, ananunua nyingine.

Wifi, mimi nikimkataza nitakuwa mkwe mwenye wivu. Wewe ukimkataza ni mwanawe. Mwambie jagi ni la maua. Habari ya bafuni usiitaje; mwachie heshima yake.

Na sijamaliza. Uliniambia ulinunua mawili yanayofanana, moja ukabaki nalo. Wewe uliyelelewa na mama yule, asubuhi unaanza na nini? Usinijibu "mzima tu." Nenda kaangalie ndani ya jagi lako, uniambie kama linang'aa.

Msalimie mumeo na wale mapacha, na mpangaji wenu anayependa kuimba. Bonge anakupungia, anafikiri picha yako ni mtu wa kweli. Mungu akuzungushie ulinzi, na tumbo lako lipate amani.

Wako akupendaye hata anapokushuku,
Mke wa kaka yako