Taya Nililolinyoosha kwa Koleo

Jumatatu, 4 Machi

Leo stepla imenianguka. Si ile ya karatasi. Ile ya kushonea utumbo — ndefu, ya chuma, ina mataya mawili kama ya mamba mtoto. Daktari anapachika kaseti ya pini, anaubana utumbo, anasukuma kitufe. Basi! Pini zimeshona pande zote mbili na kisu kimepita katikati. Sista, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji, anasema zamani walishona yote kwa uzi mpaka migongo inawauma.

Ilinitoka mkononi nikiisuuza. Glavu zilikuwa na sabuni. Ikapiga sakafu kwa ncha. Nikaiokota mbio mbio. Chumba cha kuoshea vyombo kilikuwa kitupu, Mvuke alikuwa upande wa pili anapakua mashine yake. Mvuke ndiye mwenzangu wa zamu, kazi yake ni kupika vyombo kwa mvuke, na jina lake la nyumbani hakuna anayelitumia.

Nikaifunga stepla mbele ya taa, nikachungulia. Taya la juu limekwenda upande. Kidogo tu! Unywele.

Sheria ya hapa inajulikana: chombo kikianguka kinawekwa kwenye trei nyekundu, Sista anakitazama, kinakwenda kwa fundi. Lakini stepla nyingine iko kwa fundi tayari. Nikiiweka hii, kesho hakuna stepla, na kesho kuna mgonjwa. Halafu Sista ana ulimi. Juzi Mvuke kapindisha mkasi mmoja, akaitwa adui wa chuma mbele ya watu wote.

Basi nikafanya kile ambacho mikono yangu inakijua. Kabla ya kuja huku nilikuwa fundi baiskeli. Rimu nilikuwa nainyoosha kwa jicho tu, na breki zilizopinda nimezirudisha nyingi, watu wakapanda, wakashuka milima, hakuna aliyekufa. Nikatoa koleo kwenye droo ya fundi umeme, nikalifunga taya kitambaa lisikwaruzike, nikalivuta taratibu. Nikachungulia tena. Mwanga ni sawa huku na huku.

Nikaipaki pamoja na zingine. Mvuke akaipika.

Kusema kweli nilifurahi. Mikono haijasahau.

Jumanne, 5 Machi

Mgonjwa ni mama mtu mzima. Alikuwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Wamekata kipande chenye uvimbe, wakaunganisha pande mbili zilizobaki. Kwa stepla ile.

Kupitia kidirisha cha kupokelea vyombo nilimsikia Daktari Mrefu, ndiye mpasuaji wetu, akimwambia Sista kwamba leo stepla ina ubishi, mwishoni imekuwa nzito. Sista akasema labda kaseti. Daktari akasema labda. Kwenye kona moja akaongeza nyuzi mbili tatu kwa mkono, akasema inatosha.

Mimi nilikuwa nimesimama na beseni. Nikaenda kulijaza maji.

Mchana vyombo vikaletwa kuoshwa. Niliiacha stepla ya mwisho. Nikaifungua, nikapitisha brashi kwenye mfereji wa taya, pale nchani. Pini mbili zilikuwa zimenasa kwenye damu.

Pini ikishona vizuri inajikunja miguu yote miwili, inakuwa kama herufi B. Sista alinionyesha nilipoanza kazi. Hizi mbili zilikuwa zimenyooka. Kama uma.

Nikazitupa kwenye kopo la vitu vyenye ncha. Nikabaki naliangalia kopo.

Mbili zimebaki kwenye taya. Zilizobaki ndani ya yule mama je? Zimekunja miguu?

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya jambo baya kuliko la Jumatatu.

Asubuhi nimeiweka stepla kwenye trei nyekundu. Sista akauliza kuna nini. Nikamwambia imenianguka. Lini? Nikasema sasa hivi.

Sasa hivi!

Akafoka kidogo, si sana. Akasema afadhali nimesema, wengine wangeficha. "Wewe angalau mkweli." Mvuke akanikonyeza kwamba nimepona.

Uji wa saa nne nimempa Mvuke.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeonana na mume wa yule mama. Sikumtafuta, kanitafuta yeye. Anakaa kwenye benchi la ukumbini karibu na mlango wetu, kwa kuwa wodini wanamfukuza baada ya saa ya kutazama wagonjwa. Mzee mwembamba, fundi cherehani. Kola ya shati lake imejaa sindano, kasahau kuzitoa.

"Mwanangu, wewe ni wa humo ndani?"

Nikasema mimi naosha vyombo tu, baba.

"Tu ya nini? Kijiko kichafu kinaua mtu. Kaa hapa."

Nikakaa. Akaniuliza kama ni kweli mke wake kashonwa kwa mashine. Nikasema ndiyo, kwa pini. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema miaka yote hii mkewe anamwambia mashine yako ni kelele tupu, leo kashonwa na mashine yeye mwenyewe, na hajalalamika! Akitoka atamdai pesa ya ushonaji.

Mama ameketi kitandani leo. Kanywa maji. Kauliza nani anapalilia bustani. Mzee anasema hiyo ndiyo dalili ya uzima, mke akianza kuuliza kazi.

Halafu akanieleza mambo ya cherehani, bila mimi kumuuliza. Kwamba mteja anaogopa mshono uliopinda kwa sababu anauona, kumbe wa kuogopwa ni ule ulioruka. Sindano inaruka mahali pamoja, nguo inapigwa pasi, inapendeza, mteja anavaa anaondoka. "Haichaniki siku hiyo. Inachanika siku akiinama."

Nikamwambia kazi inaniita. Haikuwa inaniita.

Ijumaa, 8 Machi

Mama ana homa. Daktari kijana wa wodi kasema ni kifua, wagonjwa wa kulala hupata. Wanampa dawa, wanamwambia apulize kwenye chupa ya maji, mapafu yafunguke.

Ni kifua. Mungu wangu, na kiwe kifua.

Jumamosi, 9 Machi

Si kifua. Au siyo kifua peke yake. Leo hakunywa hata maji. Tumbo limevimba na limekuwa gumu, mhudumu aliyembadilishia shuka ndiye kaniambia. Daktari Mrefu kapita, kasema wasubiri kipimo cha picha Jumatatu, maana mpigaji picha hayupo mpaka Jumatatu. Anasema unganisho lilikuwa zuri, haoni sababu ya kumfungua mama wa umri ule mara ya pili bila ushahidi.

Ushahidi ninao mimi. Nimeutupa kwenye kopo, lakini ninao.

Nikamwambia Mvuke. Nikamwambia yote, koleo na yote. Alikuwa anakunja vitambaa. Akaacha kukunja.

"Ulilinyoosha kwa koleo?"

Ndiyo.

"La fundi umeme?"

Sasa la nani lingekuwa na nafuu?

Akakaa juu ya ndoo. Anasema nisimwambie mtu. Mdomo uliponza kichwa. Wangapi wanavuja matumbo na stepla zao nzima, mpya, za kwenye boksi? Nani atathibitisha? Mimi mgeni hapa, kibali changu ni cha kazi hii hii, kazi ikienda na mimi nimekwenda. "Na mimi niliipika, ndugu yangu. Umenifikiria mimi?"

Sikuwa nimemfikiria.

Nikampigia mama watoto. Nilitaka kusikia sauti tu, lakini yeye husikia pumzi yangu kabla ya neno. "Una nini?" Nikamweleza.  Huko nyuma nikawasikia watoto wanagombania kitu.

Kasema: "Nenda kaseme."

Nikamwambia nitafukuzwa.

Kasema: "Basi sema bila kufukuzwa."

Nikamuuliza hiyo inafanyikaje. Akakasirika. Yeye hajui inafanyikaje, yeye hakuosha stepla ya mtu. Anachojua ni kwamba mficha maradhi kilio humuumbua, na kwamba huyo mama ana watu. Halafu akalia. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Jumapili, 10 Machi

Leo si zamu yangu. Nimekwenda.

Mzee alikuwa pale pale benchini. Hakunitania. Hakuniita mwanangu. Alikuwa ameshika kanga ya mkewe, anatafuta mahali ilipofumuka, na haikuwa imefumuka popote. Akasema tu, "Hanijibu vizuri. Ananiita kwa jina la kaka yake."

Nikaenda moja kwa moja kwa Sista. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, mazuri, ya kuzungukazunguka. Yote yakatoroka. Nikasema: "Sista, stepla ilianguka Jumatatu. Siyo Jumatano. Ilianguka Jumatatu nikainyoosha kwa koleo, ndiyo iliyomshona yule mama, na Jumanne nilikuta pini mbili hazijakunja."

Nilidhani atapiga kelele. Nilikuwa tayari kwa kelele. Hakupiga. Uso wake ukawa kama ukuta uliopakwa chokaa.

"Pini zilikuwa upande gani wa taya? Nchani au huku kwenye mkono?"

Nchani.

"Una hakika?"

Nina hakika.

Akachukua simu ya ukutani. Nikamsikia anamwambia Daktari Mrefu aje sasa, ana jambo kuhusu unganisho la Jumanne, hapana, halingoji kesho. Daktari akaja na viatu vya nyumbani. Nikarudia tena mbele yake. Ni ajabu, mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Hakunitazama hata mara moja. Alitazama mikono yake mwenyewe. Akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, kwamba aliisikia nzito. Aliisikia kabisa, na akaweka nyuzi kwenye kona. Kisha akamwambia Sista aandae chumba. Wanamfungua mama leo hii. Wataunganisha kwa mkono, au kama hali ni mbaya watautoa utumbo nje ya tumbo kwenye mfuko kwa muda, mpaka apate nguvu.

"Kama angengoja Jumatatu?" Sista akauliza.

Daktari akafungua mlango. Akaenda kubadilisha viatu.

Nikamuuliza Sista niandae vyombo? Akasema nisiguse kitu. Mvuke anaitwa kutoka nyumbani. Mimi nikae chumba cha kuoshea, nisubiri, mengine yatasemwa kesho ofisini. Nikasema ndiyo Sista. Akaufikia mlango, akageuka.

Kasema mume wa mgonjwa lazima aelezwe. Daktari atamweleza ya tumbo. Ya koleo hatayasema yeye Sista, wala hatayasema Daktari. "Hiyo ni yako. Kwa mdomo wako." Tena nisimwambie imeanguka sasa hivi.

Hilo la mwisho lilinichoma, nadhani ndivyo alivyotaka.

Wamempitisha mama hapa kwenye kitanda cha magurudumu. Nilimwona kwa mara ya kwanza. Sikujua ni mdogo hivyo. Mkono mmoja ulikuwa umetoka nje ya shuka, mzee anatembea nao kaushika mpaka kwenye mstari mwekundu, pale wasipopita watu wa nje. Hapo akaambiwa auachie.

Mvuke amefika, kavaa shati la kutokea. Kanipita bila salamu. Nasikia mashine yake inaanza kuvuma.

Naandika haya nimekaa kwenye kigoda karibu na sinki, daftari liko magotini. Kupitia kidirisha cha mlango naliona benchi la ukumbini. Daktari amekwisha kuzungumza naye. Mzee aliitikia kwa kichwa, akaitikia tena hata baada ya Daktari kuondoka. Sasa yuko peke yake. Mikono haina kazi.

Kama nikimwambia na mama akapona? Kama nikimwambia na asipone? Neno ni lile lile, na ni lazima litoke kabla sijajua lipi.

Ameniona. Huku kidirishani. Nilidhani atageuza uso, lakini hajui bado, ageuze kwa lipi? Amesogea pembeni, amepangusa nafasi ya benchi kwa ile kanga, na ananipungia mkono niende nikae naye, nisikae peke yangu.