Namba Uliyoiita Tasa

Kwako Mwalimu, uliyekuwa mume wangu,

Sikuandikii kukujulia hali. Mkeo alikuja hapa Mkomaindo wiki iliyopita, na sitaki uyasikie kwa watu tuliyoyazungumza.

Unaukumbuka mwaka wetu wa kwanza Newala? Jioni nilibangua korosho uani, nawe ukaandika namba mlangoni kwa chaki na kunifundisha kuzipima. Kwa tatu, jumlisha tarakimu zote. Kwa kumi na moja, toa na jumlisha kwa zamu. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilikupenda kwa hayo kuliko kwa kanga ulizoniletea.

Siku moja ukaandika moja saba mfululizo: 1,111,111. Ukasema, "Hii haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ni namba tasa."

Nilikuamini siku mbili. Kisha, kila ulipokwenda shuleni, nikawa naigawanya kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Saba ikabakiza moja. Kumi na tatu ikabakiza moja. Niliendelea wiki nzima. Nilipofika 239 hakikubaki kitu: 239 mara 4,649. Nilirudia mara tatu.

Nilipokuonyesha, uliufuta mlango kwa kiganja. Baada ya siku chache wanafunzi wako wakanisimulia bombani jinsi Mwalimu alivyokigundua kigawanyo kile. Sikuwasahihisha. Nilidhani ndiyo heshima ya mke.

Miaka minne ikapita bila mtoto. Nilikwenda hospitali peke yangu. Muuguzi akasema sina tatizo, nije na mume. Ulikataa. Ukaniketisha mkekani mbele ya wazazi wako na wangu, ukalitamka neno lile lile, safari hii juu yangu. Baba akainamisha kichwa. Nikakuuliza, "Umepima nini, Mwalimu?" Ulinipa talaka.

Kwenye namba ulikosea tu. Kwangu ulijua kwamba hujapima, na bado ukasema.

Sasa mkeo naye umeanza kumwita hivyo. Aliketi jikoni kwangu, akaniamkia, kisha akaniuliza kama kweli kasoro ilikuwa yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Lakini alilia vile vile nilivyolia mimi, nikamweleza yote, kesho yake nikamsindikiza kupimwa. Hana tatizo. Yuko kwao Lukuledi, na amesema harudi mpaka nawe upimwe.

Usitume wazee waje kunisihi nimbembeleze arudi. Msamaha sina, wala sijautafuta. Jina langu ulilolivunjia heshima siku ile, hapa halitumiki tena. Mume wangu na majirani wananiita kwa jina la binti niliyemzaa mwaka wa pili baada ya talaka yako.

Sina la kuongeza.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Somoe