Kisu cha Saba

Baba,

Kisu cha saba ni halisi. Naanza na hilo kwa sababu ungeziruka salamu zote ili ulifikie, na kwa sababu ni mimi niliyekukatalia.

Likizo yangu ya mwisho kabla hujaugua, ulitandika turubai barazani hapa Kasokola ukavipanga visu vyako kumi na kimoja vya wawindaji, kila kimoja na ala yake ya ngozi. Niliviandika daftarini kwa lugha niliyotoka nayo chuo kikuu. Nilipofika cha saba, kile alichokupa mzee Kasimba wa Inyonga, nikasema mpini umepinda na makali yamenolewa upande usiofaa. Nikaandika: cha kuiga. Ulikifuta kwa mafuta, ukasema tu, "Mwanangu, hiki kina mwenyewe."

Tulikuzika kabla sijarudi tena likizo. Neno langu lilibaki daftarini.

Siku ya arobaini, Baba mdogo alilisoma daftari mbele ya ukoo. "Kumi tunavitunza," akasema. "Hiki cha kuiga kesho nakipeleka kwa fundi akinyooshe mpini, akinoe upya, kinifae shambani kwenye tumbaku." Sikuweza kumpinga, Baba. Hoja yake ilikuwa yangu.

Kilichokiokoa ni mbuzi wa arobaini. Visu vya jikoni vilikuwa butu, Mama mdogo akakichukua kile kwa mkono wake wa kushoto, ule aliochapwa sana utotoni ili auache. Kikapita kwenye kiungo cha paja bila kelele. Akasimama wima.

"Jamani! Nani kanitengenezea kisu?"

"Acha maringo, kata nyama," Baba mdogo akamwambia.

"Nyie wa kulia mmezoea kupendelewa. Leo zamu yangu!"

Nilikiomba, nikakishika kwa kushoto. Mpini haukuwa umepinda. Ulivifuata vidole vyangu kimoja kimoja. Nilikuwa nimekipima kwa rula, nimekichora, nimekihukumu, wala haikunijia kujaribu mkono wa pili. Nimelelewa nisipokee hata kikombe kwa mkono huo.

Hata hivyo niliogopa. Nilitamani mno uwe sahihi, na anayetamani jibu hulipata kwa urahisi. Nikamwomba Baba mdogo anisubiri, nikapanda lori hadi Inyonga kumtafuta mjane wa mzee Kasimba. Kisu nilikiacha ndani ya kitambaa. Niliuliza jambo moja tu: marehemu aliwinda kwa mkono gani?

Bibi yule alicheka mpaka akashika ubavu. "Kushoto! Walimzomea kwamba mshale wake utarudi nyuma. Alipoanza kuleta nyama, wakanyamaza, wakala." Kisha akanieleza kwamba mhunzi alimpa mumewe donge la udongo alifumbate, akalikausha, akauchonga mpini kwa kuifuata ile alama ya ngumi. Nilipokifunua kisu, hakutazama chuma. Alipitisha kidole kwenye mshono wa ala. "Uzi huu ni wangu," akasema.

Sijui kama ulijua habari ya mkono. Huenda uliniachia niitafute. Huenda uliliamini tu neno la rafiki yako. Ningependa liwe la kwanza, ndiyo maana siliandiki kama jambo la hakika.

Lakini hili ni la hakika: nimelikata neno lile kwa wino mwekundu mbele ya ukoo ule ule, na jina la mzee Kasimba sasa limeandikwa mahali pake. Baba mdogo alipiga makofi kuliko wote, akadai alijua tangu mwanzo. Mama mdogo akamuuliza, "Kwa mkono gani?" Mama alicheka, Baba. Mara ya kwanza tangu uondoke.

Pumzika sasa. Ulishinda, na sijawahi kufurahia kushindwa namna hii. Nakuahidi kwamba kila kisu kitakachonifikia nitakishika kwanza kwa kulia, kisha kwa kushoto, ndipo nifungue daftari.

Binti yako