Kimya Changu Si Msiba

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako katika jambo ambalo wengine wangelipigia goti kushukuru: nimegundua kuwa siumwi, na sijui nimwambieje mke wangu.

Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Kazi yangu ni kujalidi vitabu, yaani nashona kurasa zilizoachana na kuzivika majalada mapya, na kazi hiyo naifanyia chumba cha mbele cha nyumba yetu, wakati mke wangu, ambaye ni msusi, ana saluni yake chumba cha nyuma, na kati yetu kuna ukuta mmoja na mlango ambao haujawahi kufungika vizuri. Tulikimbia kwetu tukiwa vijana, ndoa yetu ingali mpya, na tangu tufike hapa hatujarudi. Watu waliokimbia, mshauri, wana namna yao ya kutazamana, kila mmoja anamchunguza mwenzake aone ameumia wapi: aliyekonda ana mawazo, anayecheka sana anaficha kitu, anayelala mchana hakulala usiku kwa sababu ya yale aliyoyaona. Mimi ni mkimya, sisemi mpaka niulizwe, na nikiulizwa najibu kwa ufupi, basi ikakubalika kwa wote, nami nikiwamo, kwamba mwenzetu huyu ulimi wake aliuacha kwao.

Mke wangu amenitunza kwa huruma hiyo maisha yetu yote hapa. Bomba la maji liko saluni kwake, na kila nikiingia kuchota maji ya kulainishia gundi, wanawake waliokuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu hunyamaza ghafla, mmoja anasema chini chini, "Shemeji huyo," na mke wangu husema kwa sauti ya wodini, "Muacheni, mwenzenu yuko mbali." Nami siko mbali, nimesimama hapo hapo na ndoo. Pole nimepewa mpaka nimezizoea. Siku moja nilikuwa nimetulia zangu, nafurahia mgongo wa kitabu uliokaa sawasawa, mteja akanishika mkono akaniambia, "Pole mzee wangu, Mungu atakufariji," nikamjibu ahsante, kwa sababu kama ningemsahihisha ningelazimika kuendelea kuongea.

Hivi karibuni mkamwana wangu alikuja kututembelea. Ofisini kwao walikuwa wamefundishwa juu ya aina za haiba za watu, nani anapata nguvu kwa wenzake na nani anazipata akiwa peke yake, nani anapima mambo kwa kichwa na nani kwa moyo, akasema anataka kunijaribu.

"Baba, usinijibu kama mtu aliye msibani. Nijibu ulivyo. Ukikaa na watu wengi, unaondoka na nguvu au umechoka?"

"Nimechoka."

"Hata kama umefurahi?"

"Hata kama nimefurahi."

"Ukiwa na jambo, unalifikiri kwa kulisema, au unalifikiri kwanza ndipo unalisema?"

"Nalifikiri kwanza."

"Halafu unalisema?"

"Mara nyingine."

Akacheka, akanimwagia maswali mengine, mwisho akapiga paja lake. "Baba, wewe huna ugonjwa wowote. Wewe ni mtu wa ndani tu. Ofisini kwetu mko wengi, na mmoja wenu ndiye mkubwa wetu."

"Na huyo mkubwa wenu, huwa mnampa pole?"

"Thubutu!"

Sikuamini moja kwa moja, nikampigia simu dada yangu mkubwa, ambaye naye anaishi ugenini mbali na sisi, nikamuuliza kabla hatujakimbia nilikuwaje. "Wewe?" akasema. "Ulikuwa hivyo hivyo! Mama alikuwa anakufinya kisigino ajue kama mtoto ni mzima. Umesahau tulivyokuita Bwana Baadaye? Mtu akikuuliza kitu, wewe 'baadaye', na hiyo baadaye yenyewe hatukuiona."

Mshauri, nilipoweka simu chini nilijisikia kama mtu aliyebeba mzigo safari nzima akidhani ni wake, amefika, akaambiwa tua, umechukua wa mwenzako. Nilicheka peke yangu chumbani. Na kitu kingine kikanirudia: utotoni nilikuwa najilaza chini ya meza na kitabu changu, huku mama na shangazi zangu wakipiga soga chumba cha pili, sikuwa nafuata maneno, nilikuwa nasikia tu sauti zikipanda na kushuka, na hiyo ndiyo sehemu ya kwetu ninayoikosa kuliko milima na mito. Sasa nimetambua kwamba sauti zile zile ninazo nyuma ya ukuta wangu kila siku, ila hizi zinazimwa nikikaribia, kwa kunihurumia.

Lakini nimechelewa. Mke wangu ameamua kuifunga saluni ili turudi tulikotoka. "Udongo wa kwetu utakufungua kinywa," ananiambia, na ameshapata mtu wa kununua viti na mashine zake za kukaushia nywele, anakuja kuvichukua mwisho wa wiki hii. Kule hatuna mtu, ndugu waliobaki hai wametawanyika kama sisi. Ameanza kuwaaga wateja, na juzi nilimkuta analia kwenye kona ya mataulo, akaniambia ni dawa ya nywele imemwingia machoni. Nikimwambia ukweli, nitakuwa nimempokonya miaka yote aliyonitunza, na nisipomwambia, anauza maisha yake kunitibu ugonjwa nisiokuwa nao. Tena nina aibu nyingine. Kama kimya changu hakikuwa huzuni, wale niliowapoteza niliwalilia kwa kitu gani?

Nifanye nini?

Ni mimi,
Bwana Baadaye

*

Bwana Baadaye, shikamoo.

Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikupe hongera kisha nikugombeze, kwa mpangilio huo.

Hongera kwa kujitambua. Wapo wanaozikwa wakiwa wamevaa tabia walizovishwa na majirani. Na hiyo aibu yako ya mwisho nakuomba uiweke chini leo. Huzuni unayo, na ukimya unao. Ni wapangaji wawili wa nyumba moja, hawana undugu, na mmoja alihamia zamani kabla ya mwenzake. Waliokufa hawalii njaa ya makelele. Umewakumbuka kwa namna yako, inatosha.

Sasa kugombezwa. Kujua haiba yako hakukupi kibali cha kunyamazia kila kitu. Ulisimama bombani na ndoo, mkeo akawaambia watu uko mbali, nawe ukaacha hivyo kwa kuwa kukanusha kungekugharimu maneno mawili. Huo si ukimya tena, mzee wangu. Huo ni uvivu uliovaa koti la msiba. Mtu wa ndani anaruhusiwa kuchoka na watu, lakini haruhusiwi kumwacha mkewe auze viti vyake kwa sababu ya jambo ambalo yeye anajua si kweli.

Hukuniambia mkeo ni mtu wa aina gani, ila barua yako imeniambia. Mwanamke anayewachekesha wenzake mpaka wanashika mbavu anashiba kwa watu, kama wewe unavyoshiba kwa kitabu. Ukampeleke mahali ambapo hakuna atakayembishia hodi? Wewe ungeishi vipi ukifungiwa sokoni kila siku? Ndivyo atakavyoishi yeye kule, na atafanya hivyo akitabasamu, kwa ajili yako.

Unaogopa kumpokonya miaka yake. Hebu ifikirie tena. Kila siku uliyokaa kimya, mkeo alilala akijiambia kwamba ameshindwa kukuponya. Huzuni ya mtu anayempenda haikupungua hata chembe, pamoja na juhudi zake zote! Wewe umeutua mzigo wako ukacheka peke yako chumbani. Yeye bado kaubeba. Unamnyima nini ukimwambia autue?

Basi fanya hivi. Usingoje mwisho wa wiki. Usimwandikie barua, maana najua ndivyo unavyotaka, umeniandikia mimi vizuri mno na hiyo ni dalili mbaya. Kesho asubuhi, kabla wateja hawajaja, chukua kitabu unachokishona, uzi na sindano, uende ukakae kwenye kiti cha saluni yake. Watu wa aina yako husema vizuri mikono ikiwa na kazi. Habari za mkamwana na maswali yake ziache kwanza, utamwambia mkinywa chai. Anza na hili: "Mama watoto, sikuwa mbali. Siku zote nilikuwa hapa, nakusikiliza."

Kisha nyamaza, kazi ambayo huhitaji kufundishwa, umwache aongee yeye. Atalia, atacheka, huenda akakurushia taulo, na hapana shaka atakuuliza kwa nini hukusema siku zote hizo. Jibu lolote utakalompa nitalikubali, isipokuwa "baadaye." Mwambie pia kuhusu mama yako na shangazi zako, na meza ile. Hilo hajawahi kulisikia, na ndilo atakalolishika kuliko yote.

Yule mnunuzi apigiwe simu na wewe mwenyewe. Ndiyo, wewe. Kama mnataka kuuona udongo wa kwenu, nendeni mkautazame mkiwa wageni wenye tiketi ya kurudi, mshikane mikono, mlie mnachotaka kulia, halafu mrudi kwenye kazi zenu. Na huo mlango usiofungika vizuri, usije ukamwita fundi.

Wanawake wakiingia saluni na kunyamaza kwa mazoea, usiwahurumie kwa kutoka. Kaa na sindano yako, uwape neno moja, ambalo hata wewe halitakuchosha: "Endeleeni."